Kujaribu programu za skrini nyeusi (na kisa cha watu wa ng')

Leo nimekuja na mada ambayo baadhi yenu mtaiona kavu: jinsi ya kuandika majaribio yanayojiendesha kwa ajili ya programu za mstari wa amri. Tafadhali usifunge ukurasa bado. Kuna pesa za watu ndani yake, na kuna majina ya watu pia. Ambao si wataalamu wa kompyuta mnaweza kuruka vipande vya msimbo, hadithi itaeleweka tu.

Kwanza tuelewane. Programu za mstari wa amri ni zile zisizo na vidirisha wala vitufe vya kubonyeza. Unafungua terminali, ile skrini nyeusi ambayo kwenye filamu hutumiwa na wezi wa benki, unaandika amri, na programu inakujibu kwa maandishi ama inanyamaza. Wengi hudhani hizi ni mambo ya zamani. Kumbe ndizo zinazofanya kazi ukiwa umelala. Nakala ya akiba ya hifadhidata, ripoti inayomsubiri meneja asubuhi, faili la malipo linalotoka mahali pamoja kwenda pengine: mara nyingi vyote hivyo ni skripti ndogo inayoamshwa na cron saa iliyopangwa, bila mtu yeyote wa kuitazama.

Hapo ndipo penye hatari. Programu ya simu ikikosea, mteja atapiga kelele dakika hiyo hiyo. Programu ya usiku ikikosea, hakuna wa kupiga kelele. Inakosea leo, kesho, mwezi mzima, na kila asubuhi inakuamkia kwa heshima.

Nilisoma shahada ya sayansi ya kompyuta kwa miaka minne. Tulifundishwa kujaribu kipande kimoja kimoja cha msimbo: kipe 2 na 3, tarajia 5. Ni somo zuri na ninalitumia hadi leo. Lakini hakuna aliyetufundisha kujaribu programu nzima kutoka nje, vile cron itakavyoikuta. Nimejifunza hilo kazini, na kazi iliyonifundisha zaidi ni hii ninayotaka kuwasimulia.

Mwaka 2025 niliitwa na Sacco moja ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Sitaitaja jina wala mahali. Wanachama wake hulipa kwa simu, na kila usiku faili la malipo ya siku hiyo hushushwa kwenye seva. Skripti inayoitwa pokea hulisoma mstari kwa mstari na kuingiza kila malipo kwenye hifadhidata. Asiyelipa mchango wa mwezi hutozwa faini, na mwenye faini hapati mkopo mpaka aimalize. Sheria ya kawaida kabisa.

Malalamiko yalianza Novemba 2024. Wanachama kadhaa walitozwa faini ilhali walikuwa na ujumbe wa malipo kwenye simu zao. Wakaambiwa wasubiri, mfumo unashughulikiwa. Januari ikafika, na mnajua Januari ya Kenya ilivyo. Mama mmoja aliyekuwa amelipa kila mwezi bila kukosa aliomba mkopo wa karo, kompyuta ikasema ana malimbikizo, akanyimwa. Mtoto wake alichelewa kuripoti shuleni.

Nilipoketi na orodha ya waliolalamika, nilisoma majina tu nikaona. Ng'ang'a. Ng'eno. Wang'ombe. Nyang'au. Ng'ang'a mwingine. Kila mmoja wao alikuwa na ile alama ya ritifaa tuliyofundishwa shule ya msingi, ile inayotofautisha ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma.

Wanaojua SQL wameshaelewa. Skripti ilikuwa ikiunda amri ya hifadhidata kwa kuunganisha maneno, na jina likiwekwa katikati ya alama mbili zinazofanana kabisa na ritifaa:

insert into malipo values ('$jina', $kiasi, '$tarehe');

Mwanachama akiitwa Kamau ama Otieno, mambo ni shwari. Akiitwa Ng'ang'a, hifadhidata inaona neno 'Ng', inadhani jina limeisha hapo, halafu inakutana na "ang" ambayo haijui ni mdudu gani. Inakataa mstari huo na kulalamika. Skripti haisikii, inaendelea na mstari unaofuata. Mwisho inaandika "Kazi imekamilika" na kwenda kulala.

Kwa nini basi balaa halikuonekana miaka yote ya nyuma? Kwa sababu kulikuwa na karani. Dada huyo alikuwa amegundua zamani kwamba "wale wa ng' kompyuta huwasahau", na kila asubuhi aliwaingiza kwa mkono kabla ya chai. Hakuna aliyemwagiza na hakuna aliyeandika mahali. Oktoba akaenda likizo ya uzazi, na aliyemshikia nafasi hakuwa na habari. Sacco ya ng'ombe ikabaki na kompyuta isiyoweza kuandika ng'.

Sasa, kurekebisha mstari ule mmoja ni kazi ya dakika kumi. Nilimwambia mweka hazina, mzee mmoja mstaafu mwenye miwani mizito, kwamba nitahitaji siku tatu kwanza za kuandika majaribio. Akaniangalia.

"Kijana, tulikuita urekebishe. Hatukukuita utunge mitihani."

"Mzee, nikibadilisha mstari huu leo, utajuaje kwamba sijaharibu mwingine?"

"Wewe ndiye fundi. Wewe ndiye utajua."

"Na nikishaondoka?"

Akanyamaza kidogo. Nikamuuliza, "Mzee, mwisho wa mwezi wewe hufunga vitabu bila kulinganisha na taarifa ya benki?"

"Haiwezekani!"

"Hata kama karani ni mwaminifu?"

"Hata kama ni malaika."

"Basi hiki ninachotaka kuandika ni ulinganisho wa kompyuta. Utakuwa ukifanyika wenyewe, kila mara mtu akigusa skripti."

Nikapewa siku tatu. Tangu siku hiyo huwa sielezi majaribio kwa njia nyingine yoyote mbele ya wahasibu.

Haya, tuingie kazini. Programu ya mstari wa amri huongea na dunia kwa njia nne, na jaribio zuri husikiliza zote nne.

Ya kwanza ni mkondo wa matokeo, yaani maandishi yanayotoka kama jibu. Ya pili ni mkondo wa makosa. Hii ni njia tofauti kabisa, ingawa kwenye terminali unaona yote yamechanganyika. Imetengwa makusudi ili malalamiko yasiingie ndani ya data unayopitisha kwa programu nyingine. Kwenye ile Sacco, mstari wa cron uliishia na 2>/dev/null, maana yake: malalamiko yote yatupwe shimoni. Hifadhidata ililalamika kila usiku kwa kila Ng'ang'a, na kila usiku malalamiko yakazikwa.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi: namba ya kutoka. Kila programu ikimaliza huacha namba kati ya 0 na 255. Sifuri maana yake salama, nyingine yoyote maana yake kuna jambo. Namba zenyewe zina lugha yake. Amri ya grep hutoa 0 ikipata ulichotafuta, 1 isipopata, na 2 ikikwama. Sheli (si ile ya kuuza petroli!) hutoa 127 ikiwa amri uliyoitaja haipo, na 126 ikiwa ipo lakini haina ruhusa ya kuendeshwa. Skripti yetu ilimalizia kwa echo "Kazi imekamilika". Echo hufaulu, na skripti isiyotoa namba yake yenyewe hurithi namba ya amri yake ya mwisho. Kwa hivyo hata mistari yote ikataliwe, namba ilibaki sifuri. Fahamuni pia kwamba ukiunganisha amri kwa mabomba, sheli kwa kawaida hutazama namba ya amri ya mwisho tu. Kwenye Bash unaweka set -o pipefail ili aliyeanguka katikati asifichwe na aliye mkiani.

Ya nne ni alama inazoacha: faili zilizoandikwa, rekodi zilizoingia kwenye hifadhidata, vitu vilivyofutwa. Programu inaweza kusema maneno matamu na kutoa sifuri ilhali rekodi hazipo. Kwa hivyo usiiamini mdomo, nenda ukahesabu.

Jaribio la kwanza halihitaji chombo chochote cha kupakua. Hili hapa, karibu vile nilivyoliandika:

#!/bin/sh
kazi=$(mktemp -d) || exit 1
trap 'rm -rf "$kazi"' EXIT
sqlite3 "$kazi/sacco.db" < muundo.sql
./pokea data/ritifaa.csv "$kazi/sacco.db" > "$kazi/pato" 2> "$kazi/makosa"
namba=$?
[ "$namba" -eq 0 ] || { echo "IMEANGUKA: namba $namba"; exit 1; }
sqlite3 "$kazi/sacco.db" "select jina, kiasi from malipo order by jina" > "$kazi/rekodi"
diff tarajio/ritifaa.txt "$kazi/rekodi" || { echo "IMEANGUKA: rekodi si sawa"; exit 1; }
echo "SAWA: majina yenye ritifaa"

Ukilisoma taratibu utaona ni mambo ya kawaida. Linatengeneza folda ya muda, linaunda hifadhidata tupu ndani yake, linaendesha programu vile inavyoendeshwa usiku, linashika namba ya kutoka, linatoa rekodi zilizoingia na kuzilinganisha na faili la matarajio kwa kutumia diff. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, linaanguka na kukuonyesha tofauti yenyewe. Mwisho linasafisha uwanja.

Mnaona ile || exit 1 kwenye mstari wa mktemp? Si mapambo. Januari 2015 iliripotiwa kwamba skripti ya kuanzishia Steam kwenye Linux ilikuwa na amri ya kufuta kila kitu chini ya folda ambayo njia yake ilihifadhiwa kwa jina STEAMROOT. Mtumiaji mmoja alihamisha folda yake, skripti ikashindwa kujua ilipo, STEAMROOT ikabaki tupu, na amri ikageuka kuwa: futa kila kitu kuanzia mzizi wa mfumo. Faili zake zikaenda, pamoja na za diski ya nje iliyokuwa imechomekwa. Mwaka 2011 skripti ya kusakinisha Bumblebee, nayo ya Linux, ilikuwa na nafasi moja tu iliyozidi katikati ya njia ya folda, na kwa sababu ya nafasi hiyo ikafuta folda ya /usr ya watu. Nafasi moja! Jaribio linaloendesha skripti ndani ya mashine ya muda, kisha kuangalia kama vitu visivyoihusu bado vipo, lingepiga kelele kabla ya mtumiaji kulia.

Swali linalofuata: faili la matarajio unalipata wapi? Kwa programu mpya, unaliandika kwa mkono kabla ya programu yenyewe. Kwa programu uliyorithi, kama hii, kuna njia aliyoieleza Michael Feathers katika kitabu chake cha 2004, Working Effectively with Legacy Code. Unaipa programu data, unachukua inachotoa leo, unakihifadhi kama kilivyo, kizuri na kibaya. Hapo hujasema programu iko sahihi. Umesema tu: hivi ndivyo ilivyo leo, na ikibadilika nataka kujua. Baada ya hapo ndipo unarekebisha hitilafu moja moja, na kila mara unaona ni nini hasa kimebadilika.

Onyo hapa. Vyombo vingi vina amri ya kusasisha faili zote za matarajio kwa mpigo mmoja, na hiyo ni tamu kama sukari. Majaribio yameanguka 12? Sasisha, yote yanakuwa kijani, nenda nyumbani. Ukifanya hivyo bila kusoma tofauti, umemruhusu mshtakiwa aandike hukumu yake mwenyewe.

Sasa data ya kujaribia. Hapa ndipo naona sisi huku tunajiangusha wenyewe. Tunanakili mifano ya vitabuni, John Smith na dola 100, halafu tunapeleka programu Kericho na Murang'a (hata jina la kaunti lina ritifaa!). Nilikaa na dada karani, ambaye alikuwa amerudi kutoka likizo, nikamwomba aniambie kila kitu ambacho kompyuta "husumbua". Orodha yake ilikuwa bora kuliko kitabu chochote. Majina yenye ritifaa. Mtu mwenye jina moja tu. Majina matatu na nafasi mbili katikati. Namba ya simu inayoanza na 07, na ile ile ikianza na 254, na ile ile ikiwa imepoteza sifuri kwa sababu mtu alilifungua faili kwenye Excel akalihifadhi. Namba za 01, ambazo skripti ya zamani haikuzitambua. Kiasi kilichoandikwa 1,500 na mkato wake, ndani ya faili ambalo safu zake zinatenganishwa na mkato huo huo. Faili lililohifadhiwa kwenye Windows, ambalo kila mstari una herufi isiyoonekana mwishoni. Siku ambayo hakuna aliyelipa, faili likaja tupu.

Kila kimoja kikawa faili dogo la data na faili la matarajio. Majaribio 31 kwa jumla. Na kabla sijagusa mstari wowote wa skripti, nikayaendesha nione.

Moja lilinishangaza. Faili lisilo na alama ya mstari mpya mwishoni lilipoteza mwanachama wa mwisho. Hii ni tabia ya while read kwenye sheli: ikifika mwisho wa faili bila kukuta mstari mpya, inasema imeshindwa, na kitanzi kinakoma bila kukishughulikia kile ilichosoma. Kwenye ile Sacco halikuwa limeumiza mtu, kwa sababu mstari wa mwisho wa faili lao huwa ni wa jumla, si wa mwanachama. Lakini siku mtoa faili angebadilisha mpangilio, mtu mmoja kila siku angetoweka, na kila siku angekuwa mtu tofauti. Hebu fikiria kulitafuta hilo kwa macho!

Jambo jingine ni mazingira. Programu yako ikifanya kazi kwenye terminali yako haimaanishi itafanya kazi usiku. Cron huiamsha ikiwa karibu uchi: orodha fupi ya folda za kutafutia amri, hakuna mipangilio yako, hakuna terminali. Programu nyingine hubadilisha hata sura ya jibu zikijua hakuna terminali. Amri ya ls hukupangia majina kwa safu ukitazama, lakini ukiipeleka kwenye bomba inaweka jina moja kila mstari. Kwa hivyo ndani ya majaribio naendesha programu kwa env -i na kutaja mwenyewe kila inachohitaji. Naweka LC_ALL=C, kwa sababu amri ya sort hupanga herufi kubwa na ndogo tofauti kulingana na lugha ya mashine, na jaribio linalofaulu kwako litaanguka kwa mwenzako bila kosa lolote.

Na saa! Hii tuitaje peke yake. Seva nyingi zimewekwa saa ya UTC, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Skripti ikiamka saa saba na nusu usiku ya tarehe 1 kwetu, seva inaona ni saa nne na nusu usiku ya siku ya mwisho ya mwezi uliopita. Ikiuliza "leo ni tarehe ngapi?" itapata jibu la mwezi mwingine. Mwenye kulipa kwa wakati anaweza kuandikiwa mwezi usio wake. Dawa ni mbili: taja TZ=Africa/Nairobi waziwazi, na ifanye programu ipokee tarehe kama sehemu ya amri badala ya kuichungulia yenyewe kwenye saa. Hapo unaweza kujaribu tarehe 31 Desemba na 29 Februari hata kama leo ni Julai.

Majaribio yakifika kumi au zaidi, skripti tupu zinaanza kuchosha, na ndipo chombo kinapofaa. Mimi hutumia Bats, iliyoanzishwa na Sam Stephenson mwaka 2011 na kuendelezwa na jamii kama bats-core tangu 2017. Jaribio lake linasomeka hivi:

@test "faili lisilokuwepo linaleta namba isiyo sifuri" {
  run ./pokea hakuna.csv sacco.db
  [ "$status" -ne 0 ]
  [[ "$output" == *"hakuna.csv"* ]]
}

Amri ya run inakushikia namba ya kutoka na maandishi, wewe unauliza maswali. Majina ya majaribio unaweza kuyaandika kwa Kiswahili, na hilo lina faida kubwa kuliko mnavyodhani: dada karani alisoma orodha ya majaribio kwenye skrini akaniambia limebaki moja, la mwanachama aliyelipa mara mbili siku moja. Alikuwa sahihi. Yakawa 32. Kama programu yako huuliza maswali na kusubiri mtu ajibu, kuna Expect ya Don Libes, ya tangu 1990, inayojifanya mtu aliyeketi mbele ya terminali. Ukipenda Python, pytest pamoja na subprocess vinatosha. Na ukitaka kuona wakubwa wanavyofanya, fungua msimbo wa Git uende kwenye folda inayoitwa t. Utakuta skripti za sheli nyingi ajabu, zikiendesha git kutoka nje kama mtumiaji wa kawaida.

Angalieni lile jaribio la Bats tena. Linataka programu ishindwe, na ishindwe kwa sauti. Kama utaandika jaribio moja tu maishani mwako, liwe la aina hii. Wengi wetu hujaribu kwamba programu inafaulu inapopewa vitu vizuri. Tatizo la Sacco ile halikuwa kushindwa, maana kila programu hushindwa. Tatizo lilikuwa kushindwa huku ikisema imekamilika. Mwaka 1988 Barton Miller wa chuo kikuu cha Wisconsin aliwapa wanafunzi wake kazi ya kulisha amri za Unix takataka za herufi za bahati nasibu. Matokeo yalichapishwa 1990: kati ya robo na theluthi ya programu walizojaribu kwenye kila toleo zilianguka ama kukwama. Hizo zilikuwa amri za kila siku, zilizoaminiwa na dunia nzima. Sembuse skripti ya mtu mmoja.

Siku ya tatu nilirekebisha. Sikuishia kwenye mstari mmoja. Sehemu yote ya kuingiza rekodi niliiandika upya kwa Python, ambapo jina hupelekwa kwa hifadhidata pembeni ya amri, si ndani yake, na ritifaa haina tena wa kumchanganya. Hapa ndipo uzuri wa kujaribu kutoka nje ulipojitokeza. Programu ilikuwa Bash, ikawa Python, na majaribio yale yale 32 yaliendelea kufanya kazi bila kubadilishwa hata herufi, kwa sababu hayajui wala hayajali ndani kuna lugha gani. Yanajua tu kwamba anayeitwa Ng'ang'a akilipa 1,500, lazima kuwe na 1,500 kwa jina la Ng'ang'a. Mtu mwingine akija mwaka 2030 kuiandika kwa lugha ambayo bado haijazaliwa, ahadi hiyo itamsubiri palepale.

Nisiwadanganye kwamba majaribio yalimaliza kila kitu. Faini zilirudishwa, lakini hilo lilifanywa na mkutano wa wanachama, na ulikuwa mkutano mkali. Karo ya yule mama ilikuwa imeshakopwa kwingine, kwa riba ambayo Sacco haikumlipia. Jaribio halirudishi Januari. Pia jaribio hujibu tu swali ulilouliza. Lile la kulipa mara mbili nisingeliuliza kamwe, liliulizwa na mtu aliyekuwa akiyaona malipo kila asubuhi kwa miaka. Kwa hivyo kabla ya kutafuta chombo kipya, tafuta karani wako. Kila ofisi ina mtu anayesahihisha kompyuta kimyakimya kabla ya chai. Kile anachokifanya kwa mkono ndiyo orodha ya majaribio yako.

Kazi ya nyumbani basi. Chagua skripti moja inayoendeshwa na cron kwenye seva yako. Ipe faili lisilokuwepo, kisha andika echo $? uone namba iliyoacha. Ikiwa ni sifuri, unajua jioni yako itaishia wapi. Baada ya hapo tazama mstari wenyewe wa cron, na kama una 2>/dev/null, uondoe kabla ya kulala.

Mkijaliwa, wakati ujao nitaandika kuhusu kuyafanya majaribio haya yajiendeshe kila mara msimbo unapobadilishwa. Ukikwama niandikie, kwa Kiswahili ama Sheng', nitajibu. Na ndiyo, neno Sheng' nalo lina ritifaa. Lijaribuni.